Jibu: Breki ya nyuma ya Boxer inakanyagika hadi chini

Mkuu, umesema pedali inashuka mpaka mwisho na pikipiki haishiki tangu upite kwenye maji pale Jangwani. Maji hayashushi pedali. Yanafanya breki iteleze tu, na ukiburuza breki kidogo kidogo inakauka. Yako inahitaji kukazwa tu, au breki shuu (vile vipande vinavyosugua ndani ya gurudumu ukikanyaga breki) zimekwisha.

Simamisha stendi kubwa, zungusha tairi kwa mkono huku unakaza ile nati ya mwisho wa fimbo ya breki. Likianza kukwaruza, legeza hadi lizunguke huru. Pedali ibaki na mchezo, yaani ishuke kabla breki haijaanza kushika, wa sentimita 2 hadi 3 hivi.

Nati ikifika mwisho wa nyuzi na breki bado haishiki, fungua tairi. Shuu zikiwa bado nene ila zinang'aa, sugua kwa msasa. Zikilowa grisi, habari ya kuziosha kwa petroli kama wanavyofanya vijiweni achana nayo. Nunua mpya Kariakoo, kisha tafuta grisi imetokea wapi. Mara nyingi ni sili ya beringi, ile raba inayozuia grisi isitoke. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo, futa kwa kitambaa chenye maji.

Abiria usimpakie kwanza. Jaribu mtaani kwako, mwendo mdogo.