Maboga yako, Nyamizi

Tabora

Mwanangu Nyamizi,

Barua yako imefika, nasi wote ni wazima, mjomba wako Doto anakusalimu. Unauliza kama mbegu za maboga nilizokupa zimechoka, maana huko Dodoma yanatoa maua mengi, halafu vitoto vinageuka njano na kudondoka. Hazijachoka. Ni zilezile za bibi yako, na hapa nyumbani msusa, majani yake, umejaa mpaka nagawia majirani. Mimi nataka kujua kitu kingine: umewahi kusimama kwenye bustani yako saa kumi na mbili na nusu asubuhi? Nimefundisha baiolojia mpaka nikastaafu, na neno langu ni lilelile: chungulia ua kwanza.

Ua dume lina kikonyo chembamba kirefu, na ndani stameni, viungo vyake vya kiume, zimeshikana kuwa nguzo moja iliyojaa chavua, ule unga wa njano. Ua jike kikonyo chake ni kifupi, na chini ya petali kuna kiboga kidogo cha kijani. Hiyo ndiyo ovari. Ipo hata kabla chavua haijafika, ndiyo maana mtu hudhani boga limeshashika, kumbe bado linasubiri. Na halisubiri sana, kwani ua hufunguka alfajiri, likifika adhuhuri limeshajifunga, na halifunguki tena. Chavua ya boga ni nzito na inanata, upepo hauibebi. Lazima nyuki, tena wengi, kwa sababu kila mbegu ni ovuli, kijiyai cha ndani ya ovari, iliyofikiwa na mrija wa punje yake ya chavua. Boga la mbegu mia tatu linadai punje mia tatu zilizofika salama. Zikipungua kidogo, boga linakua limepinda. Zikipungua sana, linadondoka.

Mwaka 1694, huko Tübingen, Ujerumani, mtaalamu wa mimea Rudolf Camerarius aliondoa maua dume ya mnyonyo kabla hayajafunguka. Akapata maganda matupu: pasipo chavua hakuna mbegu. Mnyonyo huohuo unaoota wenyewe nyuma ya jiko letu! Nilikuwa nikifika hapo darasani, wanafunzi wananyamaza wote.

Lakini kilichonishika katika barua yako ni kale kamstari ka mwisho, kwamba jirani wa upande wa pili wa ukuta anapulizia nyanya zake kila asubuhi. Unajua mizinga ya magome ya babu yako, ile ya kwenye miti ya mitundu karibu na mbuga. Mwaka ule mwenye shamba la jirani alipulizia dawa asubuhi, maua ya maboga yakiwa wazi. Mchana babu alinituma maji, nikawakuta nyuki chini ya mti, wanatambaa, wanatetemeka, wengine migongo bado ina unga wa njano wa maua yetu. Nilimwokota mmoja, hakuwa hata na nguvu ya kunichoma. Msimu ule tulivuna maboga machache, yamepinda, na asali hatukurina. Babu alipolisema jambo hilo kikaoni, mzee mmoja akamjibu, "Nyuki ni mdudu, na dawa ni ya wadudu." Watu wakacheka. Babu yako akakaa chini. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko moyo unaniuma.

Yule jirani alijua? Pengine hakujua, nani alikuwa amemfundisha? Lakini nyuki walikuwa wakivuma mbele ya macho yake, na bomba la dawa liko mgongoni. Ningependa sana kulisema neno lenyewe, ila babu alinikataza kumhukumu mtu aliyekuwa akilisha watoto wake, nami namtii hata sasa akiwa hayupo.

Basi na wewe usimrukie jirani yako. Huenda si yeye. Ukosefu wa maji nao huangusha vitoto, ingawa hapo ungeona majani yamelegea kwanza. Nzi wa matunda naye hutoboa: pasua kiboga kilichodondoka, ukikuta funza, basi ni huyo. Na kama mche ni mchanga, maua ya mwanzo huwa madume matupu, hayo yakidondoka ni kawaida. Chungulia ua kwanza, mwanangu, kabla ya kumlaumu mtu au mbegu. Ukiona maua jike yamefunguka na hakuna nyuki hata mmoja, chuma ua dume, bandua petali, upake chavua yake kwenye stigma, ile ncha ya katikati ya ua jike, uenee pande zote. Fanya kabla ya saa tatu. Lifunge uzi ulilopaka, ulitofautishe na mengine.

Kuhusu kwenda kuongea naye, wewe ndiye unayeishi hapo, sikuamulii. Ila akipulizia jioni, maua ya siku hiyo yameshafunga na nyuki wamerudi kwao, na nyanya zake hazipungukiwi kitu. Ukienda, anza na salamu, na umpelekee msusa.

Mama yako