Kabla Hujanunua Leica M3, Zitazame Nukta Mbili Nyekundu

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nimepata Leica M3 kwa bei nzuri, nichukue?" Ichukue, ndugu yangu, lakini nisikilize kwanza, kwa kuwa kamera hii haitaki pupa.

Kampuni ya Leitz ya mjini Wetzlar iliitoa mwaka 1954, na yangu, niliyoinunua mtumba Frankfurt, ni ya zile za mwanzo ambazo filamu huvutwa kwa kusukuma wenzo mara mbili. Haina betri wala kipima mwanga. Ukichungulia tunduni, unaona katikati kijimraba chenye taswira mbili za kitu kimoja, nawe unazungusha lenzi hadi zilaliane ziwe moja. Hakuna kamera niliyoipenda kama hii.

Baba alipokuja Ujerumani kunitembelea, nilimpeleka Wetzlar. Filamu ya M3 huingizwa kwa chini, baada ya kufungua kitako na kuichomeka ncha yake katika kigurudumu kidogo kinachochomolewa, na mimi kazi hiyo niliifanya kituoni, treni ikiwa inaingia. Mchana kutwa nilimpiga Baba picha: kando ya mto Lahn, darajani, akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Kihesabio cha picha kilifika 36. Filamu iliposafishwa, nilirudishiwa mkanda mtupu, unaopitisha mwanga kama kioo, wenye namba za kiwandani tu pembezoni. Ncha ilikuwa imechomoka, na kihesabio huhesabu hata kama filamu haisogei. Baba alirudi Tanga, na kabla mwaka haujaisha akafariki.

Kwa hiyo, ukishafunga kitako, zungusha taratibu kirungu cha kurudishia filamu mpaka ikaze, kisha kila unapovuta wenzo zitazame nukta mbili nyekundu zilizo juu ya kirungu hicho. Zisipozunguka, hupigi picha. Zitazame kila mara, hata ukiwa na haraka, hasa ukiwa na haraka, kwa sababu wazazi wetu hatutakaa nao milele.

Kuhusu hiyo unayouziwa, toa lenzi, fungua kitako kisha mlango mdogo wa nyuma, umulike tochi kwenye pazia linaloziba filamu mpaka unapopiga picha. Pazia hilo ni la kitambaa, na jua likipenya kwenye lenzi iliyoachwa wazi huliunguza. Ukiona mwanga unapenya japo kwa kitundu cha sindano, usilipe bei kamili.