Maneno 1,000 kwa dola 6 nikiwa Kigoma: niendelee au niache?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Mwanga, Kigoma. Nimesomea uvuvi pale FETA Kibirizi, na wakati natafuta ajira nimekuwa nikiandika makala za Kiingereza kwenye tovuti moja ya nje. Wanalipa dola 6 kwa maneno 1,000, mada wanachagua wao: mikopo, kupunguza uzito, magodoro. Nimeshaandika makala tisa, yaani dola 54, lakini wanalipa kwa PayPal tu na PayPal yangu inatuma, haipokei. Jamaa mmoja anataka kuniuzia akaunti ya Upwork, soko la kazi za mtandaoni, iliyofunguliwa Kenya, tayari ina nyota za wateja, kwa Sh 250,000. Ninunue? Na kazi hii ina maisha kweli, au akili bandia imeshaimaliza?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo akaunti usinunue. Naanza na hili kabla ya yote kwa sababu huenda unasoma huku huyo jamaa anakupigia simu.

Akaunti ya Upwork imebeba jina la mtu, kitambulisho chake, sura yake na fomu yake ya kodi. Kila asiye Mmarekani hujaza fomu iitwayo W-8BEN, akithibitisha kwa jina lake kwamba yeye si mlipakodi wa Marekani. Ukinunua akaunti, unaweka saini kwa jina la mtu mwingine. Kisha wakati wowote mfumo unaweza kudai uhakiki: shika kitambulisho, geuka uangalie kamera. Hapo akaunti inafungwa na fedha zilizomo zinazuiliwa, na huna pa kulalamika kwa sababu kwenye kumbukumbu zao wewe hupo. Aliyekuuzia naye ana barua pepe ya awali, anaweza kuirudisha akaunti mikononi mwake siku yoyote. Nimewaona vijana wawili hapa Tabora wakipoteza kazi ya miezi kwa njia hii, na mmoja alikuwa mwandishi mzuri kweli. Iliniuma.

Fungua yako kwa jina lako. Hapa kuna jambo dogo linalokwamisha Watanzania wengi: majina. Kitambulisho cha NIDA kina majina matatu, akaunti ya benki ina mawili, kwenye tovuti umejisajili kwa jina la utani. Mfumo wa malipo unalinganisha herufi kwa herufi. Kabla ya kujisajili popote, nenda benki, hakikisha jina la akaunti linafanana na la NIDA, halafu tumia jina hilohilo kila mahali.

Sasa dola 54 zako. Ulichokutana nacho ndicho walichokutana nacho wengi: akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania imekuwa ya kutuma na kununulia, si ya kupokelea, tofauti na ya jirani zetu Kenya. Waandikie leo hao wenye tovuti, kwa adabu na kwa kifupi, uwaulize kama wanaweza kulipa kwa Payoneer, huduma ya kupokea malipo ya nje, au moja kwa moja benki. Taja idadi ya makala na tarehe ulizowasilisha. Na makala ya kumi usiandike mpaka wajibu. Wakikataa kabisa, sitakushauri uazime PayPal ya mtu usiyemfahamu. Tutakuwa tumeongeza tatizo juu ya tatizo.

Payoneer ndiyo njia ambayo wengi wetu tunaitumia. Unajisajili kwa kitambulisho na akaunti ya benki ya hapa nyumbani, dola zinaingia, unazihamishia benki zikiwa shilingi. Wana makato ambayo mtu mdogo lazima ayajue mapema: anayepokea fedha kidogo ndani ya miezi 12 hukatwa ada ya mwaka ya dola 29.95. Kwa mwenye dola 54, hiyo ni zaidi ya nusu. Kwa hiyo usiifungue kwa ajili ya hizo 54 peke yake. Ifungue ukishakuwa na mahali pa kazi panapoeleweka.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi hujidanganya. Makala ya maneno 1,000 ukiifanya vizuri inakula saa tano: kusoma, kuandika, kusahihisha, kurudishiwa na kusahihisha tena. Nikichukua dola moja kwa Sh 2,500 ili hesabu iwe rahisi, dola 6 ni Sh 15,000, yaani Sh 3,000 kwa saa kabla ya bando. Sitakudharau hapo. Sh 15,000 kwa siku Kigoma ni hela, ukilipwa. Kinachonisumbua ni kwamba makala ya mia itakulipa dola 6 zilezile, na wala hakuna atakayejua kuwa uliiandika wewe.

Kwenye masoko ya kazi za mtandaoni nako kuna gharama zisizoonekana. Fiverr, soko jingine kama Upwork, hukata asilimia 20: ukiuza kwa dola 10, yako ni 8, na kwa muuzaji mpya fedha hukaa siku 14 baada ya kazi kukamilika ndipo zitoke. Upwork kuomba kazi si bure: unatumia tokeni ziitwazo Connects, kila moja senti 15 za dola. Ombi moja likila tokeni 10, ni dola moja na nusu. Maombi kumi yasiyojibiwa ni dola 15, Sh 37,500. Zamani walikata asilimia 10 kwa kila mkataba. Tangu Mei 2025 makato yanaanzia sifuri hadi asilimia 15 kutegemea mkataba, na utaoneshwa kabla hujakubali. Yasome makato hayo kwanza. Usitume maombi kama anayetupa mbegu barabarani. Tuma matatu kwa wiki, kila moja ukiwa umesoma tangazo la mteja mara mbili na kujibu kitu alichouliza yeye.

Na popote watakapokudai ada ya usajili kwa M-Pesa ili "uunganishwe na wateja", kimbia.

Kuhusu akili bandia, ngoja nirudi nyuma kidogo. Biashara ya makala za bei ya chini haikuanza kuyumba juzi. Marekani kulikuwa na viwanda vikubwa vya makala: Associated Content, iliyonunuliwa na Yahoo mwaka 2010, na Demand Media, iliyoingia soko la hisa la New York Januari 2011. Walilipa waandishi kidogo kidogo kwa maelfu ya makala zilizolenga tu kuonekana kwenye utafutaji wa Google. Februari 2011, mwezi mmoja tu baada ya Demand Media kuuza hisa, Google ilibadilisha namna ya kupanga matokeo, badiliko lililoitwa Panda, na makala nyepesi zikazama. Ule mradi wa Yahoo ulifungwa mwaka 2014. Kisha Novemba 2022 ikaja ChatGPT, inayoandika makala ya magodoro kwa sekunde chache bila kulipwa. Dola 6 zako zinashindana na hiyo. Ndiyo maana haziwezi kupanda.

Kwa hiyo kazi ya kuandika jambo ambalo kila mtu anaweza kulitafuta inakwisha, na usijenge nyumba hapo. Lakini mteja anayehitaji mtu aliyeona kitu kwa macho yake bado yupo, na analipa.

Mimi nilianza kwa senti moja na nusu kwa neno, nikiandika kuhusu kupunguza uzito kwa watu nisiowajua. Miaka miwili hivyo. Siku moja nikaona tangazo la muuza asali wa Ulaya anayetaka maelezo ya asali ya misitu ya miombo. Waombaji walikuwa wengi, lakini mimi naishi Cheyo, hapa Tabora, na Sikonge si mbali. Nikapanda basi, nikakaa na wafugaji nyuki siku mbili. Nikauliza kwa nini mzinga wa gome unaua mti na wa ubao hauui, moshi unatiwa wakati gani, asali inachujwa kwa kitu gani, ndoo zinafunikwa vipi. Nilimwandikia mambo ambayo hakuyapata popote. Alinilipa senti 10 kwa neno, yaani dola 100 kwa maneno 1,000 yaleyale ambayo awali yalinipa 15. Kiingereza changu hakikuwa kimebadilika. Kilichobadilika ni nilichokuwa nakijua.

Wewe una utajiri ambao nadhani huuoni kwa sababu umezaliwa nao. Umesoma uvuvi, unakaa kando ya Ziwa Tanganyika. Unajua kwamba Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga samaki wa ziwa hilo ndani ya matangi ya kioo sebuleni, na kwamba jina la mji wako wanalitamka kila siku? Kuna samaki wa jamii ya sikilidi aitwaye Cyphotilapia frontosa. Aina yenye mistari saba wanaiita "Kigoma", na wanalipa fedha nyingi kumpata. Watu hao wana majarida, maduka, klabu. Wanataka kujua anakaa kina gani, miamba ya pale ikoje, maji yake yana joto gani, kwa nini pH (kipimo cha asidi ya maji) ya ziwa lenu inakaribia 9 wakati maji yao ya bomba ni 7. Wanataka kusikia habari za kuhe, mmoja wa sikilidi wakubwa kabisa duniani, ambaye wao wanamtazama kwenye picha na wewe umemla na ugali Kibirizi. Hakuna programu iliyowahi kusimama pale alfajiri mitumbwi inaporudi na karabai.

Na si samaki wa urembo tu. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Nini kilitokea kwa bei ya dagaa na migebuka, wanawake wanaokausha walifanya nini miezi hiyo mitatu, vichanja vinashindaje mchanga? Majarida ya uvuvi na mashirika ya maendeleo yanalihitaji hilo. Tena mashirika yako karibu kuliko unavyodhani: kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, ipo tangu 1996, na kila shirika linalofanya kazi huko linaandika taarifa kwa wafadhili wake. Mwandishi anayeongea Kiswahili na Kiha na anayeandika Kiingereza safi hatokosa nafasi akibisha hodi akiwa na sampuli mkononi.

Sampuli ndiyo kazi yako ya mwezi huu. Tatu, si kumi. Moja ya kuhe au frontosa, moja ya ukaushaji wa dagaa, moja unayoichagua mwenyewe. Nenda uongee na watu, pima joto la maji, piga picha zako. Nyota huna, lakini mteja akisoma aya mbili za namna hiyo hataziulizia.

Kuna mtego mmoja ambao lazima nikwambie. Wateja wengi sasa wanapitisha kazi kwenye programu za kubaini maandishi ya akili bandia, na programu hizo huwaonea watu wasiozaliwa na Kiingereza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu mwaka 2023 kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wasiozaliwa nacho, zilizoandikwa na binadamu. Kwa wastani zaidi ya nusu zilitajwa kuwa za mashine. Kiingereza chetu cha shule, chenye sentensi nyoofu na msamiati wa vitabuni, ndicho hasa kinachoangukia humo. Andika ndani ya Google Docs, ambayo hutunza historia ya kila badiliko. Imewekewa uwezo wa kuandika bila mtandao, washa hiyo kwa ajili ya siku umeme ukikatika au bando likiisha. Ukituhumiwa, unamfungulia mteja historia aione makala ikikua mstari kwa mstari. Hifadhi pia rekodi za mahojiano na daftari lako.

Na usifanye kazi kabla fedha haijawekwa amana. Kwenye mkataba wa bei moja Upwork, mteja huweka fedha kwanza. Ukishawasilisha ana siku 14 za kukagua, akikaa kimya fedha inatoka yenyewe. Ukihamia WhatsApp "ili tuepuke makato", ulinzi wote huo umeuacha mlangoni, na unavunja masharti: malipo ya mteja uliyempata humo yanatakiwa kupitia humo kwa miaka miwili. Mwaka wangu wa pili nilifanya kosa hilo kwa makala nne. Mteja alizichapisha zote, akazima simu. Niliziona zikiwa na jina la mtu mwingine.

Mapato yakianza kuingia kila mwezi, chukua TIN kwa TRA, inatolewa bure. Mkazi wa Tanzania hutozwa kodi hata kwa kipato cha nje, na benki watakapokuuliza dola zinatoka wapi utakuwa na jibu la maandishi.

Zile Sh 250,000 ulizotaka kumpa jamaa, nunulia kipimajoto cha maji, vipimo vya pH na bando la miezi miwili. Zitakazobaki zitakutosha nauli za Kibirizi na Ujiji. Ukikwama kwenye usajili wa Payoneer niandikie tena, unakili ujumbe wa kosa kama ulivyo, lakini futa namba zako za akaunti na za NIDA kwanza.