Kabla ya kupima ugumu wa chuma kilichopigwa ioni

Mara ya kwanza nilipopima chuma cha pua cha aina ya 316L kilichopigwa ioni, yaani atomu zenye chaji zinazorushwa kwa kasi, namba zilinichanganya. Upande uliopigwa na upande usiopigwa ulikaribia kulingana kabisa kwa ugumu. Nilijua haiwezekani. Ioni inapoingia kwa kasi huzing'oa atomu mahali pake. Nyingi hurudi, ila zinazobaki nje hukusanyika na kuwa vipete vidogo vya kasoro, upana wake nanomita chache tu. Chuma kikibonyezwa, safu za atomu hutaka kuteleza, na zikifika kwenye vipete hivyo hukwama. Ndipo chuma kinapogumuka. Sasa ugumu wangu ulikwenda wapi?

Ulifunikwa na msasa. Nilikisugua kwa karatasi za msasa, nikamalizia kwa unga wa almasi hadi kikang'aa kama kioo, nikaridhika. Kumbe kusugua kwenyewe huigumisha ngozi ya chuma, na ugumu huo ulikuwa umeumeza ule wa ioni. Kwa chuma cha pua cha aina ya 304 hali ni mbaya zaidi, maana sehemu ya austenaiti (mpangilio wa kawaida wa atomu zake) inaweza kugeuka martensaiti (mpangilio mgumu zaidi) kwa kusuguliwa tu. Nakusihi, malizia kwa kung'arisha kwa umeme ndani ya asidi ili tabaka lililogumishwa na msasa litoke, na ufanye hivyo kabla ya kupiga ioni. Ukingoja baadaye, utaondoa tabaka lilelile unalotaka kulipima.

Halafu kuna kina. Ioni nzito zenye nishati ya MeV chache (mamilioni ya elektronivolti) huishia kama mikromita 1 ndani ya chuma, wakati ncha ya almasi, ile inayokibonyeza chuma ili kupima ugumu, husikia mara tano hadi kumi ya kina ilichozama. Ukizamisha nanomita 500, unapima zaidi chuma laini cha chini. Mimi husoma kwenye nanomita 100 hadi 150. Metali yoyote huonekana ngumu zaidi karibu na uso, kwa hiyo linganisha kina kilekile, kwenye kipande kilekile.

Safari ya pili nilifunika nusu ya kipande wakati wa kupiga, kisha nikapanga vidonyo, yaani alama za kubonyeza kwa ncha, katika mstari uliovuka mpaka. Mzigo haukubadilika hata kidogo. Tulipouvuka tu mpaka, ncha ikaanza kuzama kidogo kuliko awali, kidonyo baada ya kidonyo.