Kaseti ya gemu haiponi kwa kupulizwa

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Ujiji. Kaka yangu ameniachia mashine ya gemu za kaseti, nataka nimalize Super Mario Bros. zote tatu. Kwenye ya kwanza nilifika dunia ya 8, picha ikajaa vimiraba, ikaganda. Nikipuliza kaseti inakubali, kesho yake inagoma. Kuna jamaa Mwanga anataka elfu kumi aisugue kwa msasa. Nimpe?

JIBU: Marahaba. Usimpe hata mia.

Na wewe acha kupuliza. Naletewa kaseti zilizopulizwa hadi meno, vile vipande vya shaba vya mdomoni mwake, yameota ukijani, na mwenyewe anaapa pumzi ilikuwa dawa. Haijawahi kuwa dawa. Kinachoiamsha ni kule kuichomoa na kuichomeka upya: meno yanasuguana kidogo, yanaangukia sehemu safi. Jaribu kufanya hivyo bila kupuliza, utaona inawaka vilevile. Pumzi inaacha unyevu na mate, shaba inaanza kuliwa. Nintendo wenyewe, kampuni iliyotengeneza gemu za Mario, waliwakataza wateja wao kupuliza, nani alisikia?

Msasa ndiyo balaa kabisa. Kaseti za Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, zina meno 60, thelathini kila upande, na zile za asili zimepakwa utando mwembamba wa dhahabu kuzuia kutu. Msasa unaukwangua. Gemu itawaka vizuri siku mbili tatu, jamaa ameshakula hela yake, halafu kutu inaingia moja kwa moja.

Tafuta alkoholi ya isopropili, asilimia 90 kwenda juu. Siyo petroli, wala spiriti ya vidonda, maana nyingine zina mafuta. Chovya kijiti cha pamba cha masikio, pitisha kufuata urefu wa meno. Cha kwanza kitatoka cheusi kama umefuta tako la sufuria. Badilisha mpaka kitoke cheupe. Ikikauka, ichomeke na kuichomoa mara tano mashine ikiwa imezimwa, mdomo wake nao ujifute. Ikigoma bado, niletee mashine yenyewe, meno ya ndani yamelegea.

Pole kwa dunia ya 8. Kaseti zote tatu hazina betri ya kutunza ulipofika, kwa hiyo ikiganda umerudi 1-1, yaani dunia ya 1, hatua ya 1. Pita juu ya dari mwisho wa 1-2 uingie bomba la dunia ya 4, kisha panda mmea uliofichwa kwenye 4-2 ukafike ya 8. Hiyo ndiyo njia ya mkato pekee ninayoivumilia.

Nyingine zinanijazia meza. Simu inaangukia ziwani pale Kibirizi, inalazwa kwenye mchele siku tatu, inaletwa bodi imeoza na tundu la chaji limejaa vumbi la mchele. Mchele haunyonyi maji yaliyojificha chini ya chipu. Ikizama, izime, usiijaribu kwa chaja, iletwe siku hiyohiyo na maji yake.