Muulize Mzee wa Ghala: Revolva nyepesi ya kupandia milima

SWALI: Shikamoo mzee. Mwanangu anasoma Marekani, jimbo la Montana, kwa viza ya mwanafunzi. Likizo hii yeye na wenzake watatembea milimani siku kadhaa, mizigo mgongoni, usiku walale mahemani. Wenzake wamemwambia huko kuna dubu, atafute revolva nyepesi. Keshaniletea picha mbili, zote za kampuni ya Smith & Wesson: 642 na 340PD. Yeye anaitaka ya pili kwa kuwa ni nyepesi zaidi. Nimjibu nini?
Mama wa mwanafunzi, Wete

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwetu ukiingia msitu wa Ngezi wa kukutazama ni popo, ndiyo maana swali hili limekutia kiwewe.

Tuanze na hiyo viza, gramu baadaye. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mgeni wa viza ya muda, na mwanafunzi yumo, kuwa na silaha ya moto au hata risasi zake. Iko milango michache, unaojulikana zaidi ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa huko huko. Kama hana, asiguse, hata ya kuazimwa kambini na rafiki. Mtoto aliyekwenda kusoma asije akarudishwa kwa sababu ya bastola ya mtu.

Haya, tuseme leseni anayo. Nimetunza ghala la silaha mpaka nikastaafu, na kila kijana aliyeingia mle aliulizia iliyo nyepesi. Hakuna aliyeuliza ipi ataweza kuipiga mara ya pili.

642 ina fremu ya aloi ya aluminiamu, gramu 410 hivi, risasi 5 za .38 Special. 340PD fremu yake ni aloi yenye skandiamu, madini mepesi, silinda, ile duara inayoshika risasi, ni ya titani, haifiki gramu 350, nayo inakula risasi 5, ila inapokea .357 Magnum. Hapo ndipo shughuli ilipo. Risasi ina nguvu kubwa na silaha haina uzito wa kuipunguza, basi yote inaishia kiganjani. Ya kwanza utaipiga, ya pili mkono unasita. Halafu kuna jambo ambalo picha haikuonyeshi: ule mshtuko huweza kuvichomoa vichwa vya risasi zilizobaki kwenye maganda yao. Kimoja kikijitokeza mbele, silinda inagoma kuzunguka, na dubu hangoji ukwamue.

Mtutu wa zote mbili haufiki inchi 2, kwa hiyo shabaha inataka mazoezi mengi. Na 340PD kwa risasi za Magnum, sijui nani atafanya mazoezi nayo kwa hiari. Kati ya hizo mbili mimi ningechukua 642, lakini si kwa dubu. Wanaobeba revolva kwa ajili ya grizzly, wale dubu wakubwa wa huko, hupendelea .44 Magnum. Iko nyepesi ya kaliba hiyo, yaani ya ukubwa huo wa risasi, 329PD, gramu 710 hivi, nayo inaadhibu vibaya. Mgeni wa silaha simshauri.

Mwambie anunue kopo la pilipili la kupulizia dubu, lililoandikwa hivyo, si lile dogo la kujikinga na wezi. Linarusha wingu umbali wa mita 9 hivi, wala halidai shabaha ya askari. Likae kiunoni au kwenye mkanda wa kifuani. Likiwa ndani ya mkoba ni sawa na kuliacha nyumbani. Ajizoeze kulichomoa na kuondoa kizuizi chake kabla hawajaanza safari. Wakitembea wazungumze kwa sauti, wasimshtue mnyama, na chakula wakitundike mbali na mahema. Ndege haipokei kopo hilo hata kwenye mizigo ya chini, basi alinunue huko huko na akimaliza awaachie wenyeji.

Ikiwa leseni ya uwindaji kweli anayo, niandikie tena, uniambie amewahi kupiga silaha gani na mara ngapi. Hapo tutazungumza kaliba.