Saa zinazopotea irjansi si zote za munganga

Kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, mtoto akiwaka homa usiku, kuna watu wanaonipigia simu mimi kabla ya kumpigia munganga, yaani daktari. Nina mtoto wa SS, yaani mwenye ugonjwa wa selimundu, na mwenye mtoto wa SS huijua milango ya irjansi, idara ya dharura, ya hospitali za Lubumbashi kuliko mlango wa kanisa lake. Swali lao ni lile lile: mama, hospitali gani wanapokea haraka? Jibu langu huwaudhi. Hospitali iliyokupokea upesi juzi inaweza kukuacha kwenye benchi leo mpaka kuche, kwa sababu gari limepinduka barabara ya Likasi na majeruhi wameingia wote kwa pamoja. Ninachoweza kukuambia ni saa zinapotelea wapi, maana nyingi hazipotelei mikononi mwa munganga. Zinapotea kabla ya geti, kisha zinapotea tena baada ya munganga kumwona mgonjwa na kuandika karatasi.

Tuanze nyumbani, ambako hakuna anayehesabu. Homa imeanza mchana. Jioni mtoto amenunuliwa vidonge kwenye duka la dawa la kona, kwa kukadiria. Saa 3 usiku ametapika. Saa 5 watu wazima wanajadiliana: tumngoje baba yake arudi kutoka kazini, tungoje kuche kwa sababu ya majambazi, tumwite mchungaji kwanza. Ikifika alfajiri mtoto hawezi tena kuketi, ndipo tunafika hospitalini na kulalamika kwamba dakika 40 ni nyingi. Sisemi usiku wa Katuba hauna hatari, nimeuishi. Nasema mambo hayo yapangwe mchana: mwenye teksi gani anakubali kuja usiku, namba yake iko kwenye simu ya nani, nani atabaki na wadogo.

Na kuna dalili ambazo hazingoji mtu kurudi kutoka kazini. Mtoto anapumua haraka mpaka mbavu zinaingia ndani. Ana degedege, au ameshindwa kuamka vizuri baada ya degedege. Hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu. Viganja na ndani ya midomo vimekuwa vyeupe. Mikono ni ya baridi wakati kifua kinawaka. Kwa mtoto wa SS, ongeza homa ya kufika 38.5 hata kama anacheza, kwa sababu bandama lake halimlindi na vijidudu kama la mtoto mwingine. Ongeza tumbo kuvimba ghafla upande wa kushoto, maumivu ya kifua, au upande mmoja wa mwili kulegea.

Majirani zangu wengi wanaona kupitia kituo cha afya ni kupoteza muda. Sikubaliani nao. Kipimo cha haraka cha malaria kinatoa jibu ndani ya dakika 15 au 20, na mtoto wa chini ya miaka 6 mwenye dalili za hatari, kituo kikiwa na artesunate, dawa ya malaria, ya kuingiza njia ya haja kubwa, anapewa pale pale kabla ya kuhamishwa. Dawa inafanya kazi wakati nyinyi mnahangaika na barabara. Shida ni vituo vinavyomng'ang'ania mgonjwa kwa kuwa mgonjwa ni mapato. Basi uliza mapema, kwa heshima lakini wazi: "Munganga, asipopata nafuu, mtatuhamisha saa ngapi?" Mtu aliyeulizwa saa huiangalia saa. Na usitoke bila barua ya transferi inayotaja dawa alizopewa, kiasi na saa. Bila hiyo, hospitali kubwa itaanza upya, na itakuwa na haki, maana hakuna anayetaka kumpa mtoto dozi ya pili juu ya ya kwanza.

Sasa geti. Jambo linaloleta ugomvi mwingi irjansi ni kwamba foleni yake haifuati nani alitangulia. Inafuata nani yuko karibu zaidi na kufa. Afrika Kusini walitengeneza mfumo wa rangi mwaka 2004, na Madaktari Wasio na Mipaka wanautumia katika miradi yao kadhaa: nyekundu anahudumiwa hapo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa 1, kijani anaweza kungoja hata muda wa saa nne. Soma tena hiyo ya kijani. Saa nne nzima, na si dharau, ndivyo ilivyopangwa. Hospitali zetu si zote zina rangi hizo ukutani, lakini muuguzi wa zamu anapokutazama mlangoni anafanya hesabu ya namna hiyo kwa macho.

Ndiyo maana kupiga kelele hakusaidii kama watu wanavyodhani. Mtoto anayelia kwa nguvu ana pumzi ya kulia. Muuguzi aliyezoea kazi atampita mtoto huyo na kumfuata yule aliyelala kimya kwenye bega la nyanya yake. Umeona umerukwa, yeye ameona kitu ambacho wewe hukukiona.

Unachoweza kufanya ni kumpa habari zinazohesabika, upesi. Mama wengine wanaanzia kwenye ndoto waliyoota Jumapili, na muuguzi anaacha kusikiliza. Mimi husema hivi: "Ana miaka 9, ni SS, homa tangu mchana, ametapika mara tatu, tangu jioni hajakojoa, sasa anapumua haraka kuliko alivyotoka nyumbani." Umri, ugonjwa anaoishi nao, kilichoanza na lini, kilichobadilika sasa. Dawa alizokunywa pia, hata zile za kienyeji, hata kama shangazi aliyezileta yuko hapo amekukazia macho.

Kisha ukae, lakini usilale. Rangi aliyopewa saa 2 ni ya saa 2. Hali yake ikigeuka saa 3, hakuna atakayejua usiposema, kwa sababu muuguzi mmoja ana watu wengi kuliko mikono yake. Usimwambie "tumekaa sana." Sentensi hiyo ameshaisikia tangu zamu ilipoanza. Mwambie kilichobadilika: hajibu tena nikimwita, mikono imekuwa baridi. Nimeona muuguzi aliyekuwa amenipa mgongo akiinuka kabla sijamaliza sentensi ya namna hiyo.

Pesa. Hapa nitaandika kwa hasira kidogo, mnisamehe. Nimesimama mbele ya kaunta ya hospitali moja, sitaitaja, mtoto akiuma shuka kwa maumivu ya mifupa, keshia akaniambia munganga yupo ila fishi, karatasi ya mgonjwa, haifunguki bila kosyo, pesa ya kutanguliza. Katika sheria ya jinai ya Kongo, kutomsaidia mtu aliye hatarini ni kosa. Lakini saa 8 usiku sheria haina mtu wa kuisoma, kwa hiyo sikubishana na keshia. Keshia hana stetoskopu. Nilimwomba muuguzi anitajie munganga wa zamu ni nani, nikamwomba aje amtazame mtoto kwa macho yake ndipo tuzungumze pesa. Alikuja. Munganga akishamshika mgonjwa na kuona hali ni mbaya, mara nyingi ndiye anayeamuru kazi ianze, na kaunta inanyamaza. Si mara zote. Njia hiyo imenisaidia kuliko kelele.

Nenda watu wawili, mmoja asiachane na mgonjwa, mwingine ashughulike na kaunta, maabara na famasi. Ukiwa peke yako utamwacha mtoto kila ukiitwa, na anayebadilika ni mtoto uliyemwacha. Pesa taslimu iwepo nyumbani hata kama ni kidogo, maana usiku pesa ya simu inahitaji wakala na wakala amelala. Ziwe franka za kutosha dawa ya kwanza, na kama ni dola, noti iwe safi: unajua jinsi dola yenye mpasuko mdogo inavyokataliwa mjini hapa. Ambao mume au mke anafanya kazi kampuni inayolipia matibabu, mjue mapema usiku boni, karatasi ya kampuni ya kukubali kulipa, inatolewa na nani. Kungoja ofisi ya kampuni ifunguliwe asubuhi ni kungoja ambako hakuna munganga wa kulaumiwa.

Damu inastahili nafasi yake, maana mtoto mwenye malaria kali au SS anaweza kuihitaji usiku huo huo, na hapo ndipo nimeona watu wengi wakichanganyikiwa. Munganga anaandika kwamba mtoto anahitaji damu, familia inadhani itatoka kwenye friji kama soda. Maabara inapima kundi la mtoto, inatafuta mfuko, kisha inachanganya tone la damu ya mfuko na la mtoto kuangalia kama zinakubaliana. Kazi hiyo inachukua muda, pengine karibu saa nzima, na anayeitaka iharakishwe hajui anachoomba. Damu isiyolingana inaua. Na kama friji haina mfuko wa kundi hilo, mtaambiwa mlete mtu. Mtu huyo atapimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, kabla ya damu yake kumgusa mtoto.

Kwa hiyo watu wa kutoa damu wajulikane mchana. Wawe wazima, wa miaka 18 na zaidi, wenye kilo 50 au zaidi, wasio na mimba, na ambao wamekula. Nimeona mjomba aliyekuja mbio kutoka Ruashi na tumbo tupu akaanguka kizunguzungu kwenye kiti cha maabara. Tukawa na wagonjwa wawili. Makundi yao yaandikwe kwenye simu yako. Mwenye kundi la mtoto mwenyewe ndiye rahisi zaidi, na wenye O wanasaidia wengi, ila maabara ndiyo inayoamua. Na ukipata nafasi, katoe damu siku usiyo na mgonjwa. Mfuko unaokutwa kwenye friji usiku uliwekwa pale na mtu ambaye hakuwa na haraka.

Kwa sisi wenye watoto wa SS kuna tatizo jingine: maumivu hayaonekani. Hana jeraha, pengine hana hata homa, muuguzi mgeni anampa kijani. Mwongozo wa Uingereza wa 2012 unataka mgonjwa wa SS aliye kwenye mgogoro wa maumivu apate dawa ya kutuliza ndani ya dakika 30 tangu afike. Ule wa Marekani wa 2020 unasema ndani ya saa 1. Sisi tuko Lubumbashi, najua. Lakini hata hapa nataja, kwa upole, kwamba haya ni maumivu ya SS, nyumbani amepewa parasetamoli saa fulani na haikutosha. Saa hiyo ni muhimu, inamwambia munganga anaweza kuongeza nini.

Beba pia kikaratasi chenye hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ya mtoto siku akiwa mzima. Watoto wengi wa SS wanaishi na 7 au 8. Munganga asiyemjua mtoto akiona 7 anaweza kukimbilia damu isiyohitajika; akijua kawaida yake ni 9, ataona kwamba ameshuka kweli. Andika kundi la damu, dawa za kila siku kama asidi ya foliki au idroksiurea, na tarehe ya kuongezwa damu mara ya mwisho. Karatasi moja tu, iliyokunjwa ndani ya kitambulisho. Faili nene hakuna anayelisoma usiku.

Zamu zikibadilika, asubuhi na jioni, jihadhari. Timu inayotoka imechoka, inayoingia haijui kitu, na mgonjwa anaweza kukaa katikati bila wa kumshughulikia. Msalimie muuguzi mpya, mwambie mtoto ni nani, amepewa nini na kinachongojwa ni kipi. Ukijua kinachongojwa, ama jibu la maabara, ama kitanda, ama munganga wa upasuaji aliyeitwa kutoka nyumbani, kungoja kunapungua ukali. Uliza tu: "Sasa tunangoja nini?" Mara nyingine muuguzi anagundua hapo hapo kwamba sampuli haijapelekwa.

Pesa ya chini ya meza simpi mtu. Si kwamba mimi ni mtakatifu: ukimlipa mmoja usogezwe mbele, kuna aliyesogezwa nyuma, na kesho ni wewe. Salamu na jina lake vinatosha. Wengi wao mshahara unachelewa na bado wanakuja zamu.

Wakikuruhusu kurudi nyumbani, na hasa kama ni usiku, usiondoke kwa furaha tu. Uliza dozi inayofuata ni saa ngapi, dalili gani zitakurudisha, na ukirudi uingilie mlango upi, ule wa irjansi au wa konsultasyo, wa wagonjwa wa kawaida. Mwombe munganga aandike kwenye karatasi ile ile ya transferi, na asaini.